Khanga Inayofunguka

Vijana mnaouza vitabu kwenye simu, kila mkipita kwangu mnaniuliza swali lile lile: Bibi, kwa nini kitabu hiki kinagombaniwa na kile kinalala mpaka mende wanakizoea? Mnauliza mmesimama, mguu mmoja tayari uko njiani. Nimeamua kuliandika jibu ili mlisome mmekaa. Mimi ni mtu wa darasa la nne na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya kwenda mtoni, lakini vitabu nimeviuza soko la Mwanga tangu nywele zikiwa nyeusi mpaka magoti yalipokikataa kigoda. Na mkinigusa kwenye majalada mmenigusa penyewe. Mpaka leo nikiona jalada zuri moyo unanienda mbio kama mtoto aliyesikia ngoma ya harusi mtaa wa pili.

Sikuanza na vitabu. Nilianza na karanga. Nilikuwa nanunua vitabu chakavu kwa uzito, nachana kurasa, nasokota vikaratasi, nafungia karanga. Siku moja Hamisi, mbeba mizigo pale sokoni, alimaliza karanga zake akabaki amekikodolea macho kikaratasi.

"Mama Karanga," akaniita, "huyu mwanamke amefika mlangoni, ameshika kitasa. Ameingia au hakuingia?"

"Mwanamke gani?"

"Wa kwenye karanga. Nipe ukurasa unaofuata."

Ukurasa unaofuata nilikuwa nimemfungia mtu mwingine. Hamisi alinuna siku nzima, na kesho yake akaja mapema, akataka karanga na kitabu kizima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninachouza kwa bei ya karanga kina thamani zaidi kuliko karanga. Nikaacha kuchana.

Shida ikawa moja. Vitabu vyangu vilikuwa uchi. Majalada yameng'oka, migongo imefumuka. Watu walikuwa wanavipita kama wanavyompita mlevi aliyelala njiani. Ndipo nikaenda Ujiji kwa Mzee Kalume. Huyu alikuwa mzee wa asili ya Kongo, kazi yake kujalidi misahafu na juzuu za watoto wa madrasa, na vitabu vya nyimbo vya kanisani vilevile. Ukimuuliza imekuwaje, anakujibu, "Gundi haina dini."

Alinifundisha kupika gundi ya unga wa muhogo, nyepesi kuliko uji wa mgonjwa, na kuichemsha pamoja na majani ya mwarobaini ili mende wasiifanye chakula cha jioni. Alinifundisha kushona mgongo wa kitabu kwa uzi wa nyavu. Uzi wa dukani utakatika, bali uzi wa nyavu kutoka kwa wavuvi wa Katonga umeshindana na samaki wa migebuka, hauwezi kushindwa na mwanafunzi. Ukishashona, unabandika jalada, unapiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, kisha unakiweka chini ya gunia la mahindi mpaka kikauke. Ukikosa subira, kitabu kinajikunja kama kambale.

Lakini kujalidi ni kazi ya mkono tu. Jalada lenyewe, namna linavyomvuta mtu, hilo Mzee Kalume hakunifundisha. Nilifundishwa na wateja, tena bila huruma.

Kwanza, msiweke jalada jeupe katika mji huu. Vumbi letu ni jekundu, na mwenye kununua ametoka kula samaki wa mawese kwa mkono. Jalada jeupe likishikwa mara mbili linafanana na shati la mtoto.

Pili, mama aliyebeba beseni kichwani hawezi kuinama. Mnapanga vitabu chini, halafu mnasema akina mama hawasomi. Mimi nilifunga kamba kwenye nguzo mbili, nikavining'iniza vitabu kwa vibanio vya nguo, uso wa kitabu ukatazamana na uso wa mtu. Mauzo yalibadilika wiki hiyohiyo.

Tatu, picha inaahidi, na aliyeahidiwa atakuja kudai. Niliwahi kuwa na kitabu chenye nyoka mkubwa jaladani, amejiviringisha, ulimi nje. Kijana mmoja alikinyakua bila kukifungua, akaenda nacho anatetemeka kwa furaha. Kesho yake alirudi amevimba.

"Bibi, umenitapeli. Humu hamna uchawi. Humu mna panya tu, wanakula mahindi, na nyoka anakula panya."

"Nilikuambia kuna uchawi?"

"Nyoka ndiye aliyeniambia."

Kilikuwa kitabu cha kuhifadhi mahindi ghalani, na kweli nyoka ndiye aliyemwambia.

Kulikuwa pia na bwana mmoja mstaafu aliyeandika maisha yake, akaweka jaladani picha yake ya suti, uso umekaza, hana hata tone la tabasamu. Watu walikuwa wanakishika, wanainamisha kichwa, wanauliza kwa sauti ya chini, "Amefariki lini?" Walidhani ni kile kijitabu cha msibani. Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu anakunywa chai.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka mlielewe hasa.

Mama Devota alikuwa mkunga. Amezalisha nusu ya wanaotembea hapa mjini, na nusu nyingine anawadai heshima tu. Alipostaafu aliandika kijitabu kuhusu dalili za hatari kwa mama mjamzito, kwa sababu aliwaona wengi wakiletwa na boti kutoka vijiji vya kaskazini wakiwa wamechelewa. Kijitabu chembamba, maneno mepesi, hata mimi nilikisoma nikakimaliza. Akaniletea niuze. Jaladani kulikuwa na mwanamke, tumbo wazi, kubwa, limemetameta, na juu yake maandishi mekundu: HATARI.

Nikamwambia, "Mama Devota, hiki hakitatoka."

"Kwa nini? Kimeandikwa vizuri."

"Ndani kimeandikwa vizuri. Nje kimepiga kelele."

Ninyi vijana mnaopiga picha matumbo na kuyaweka kwenye simu hamtanielewa, kwa hiyo nitawaeleza polepole. Kwetu, mimba haitangazwi. Inajitangaza yenyewe, na hata hapo watu wanajifanya hawajaiona. Ukiitaja mapema unaita macho ya watu, na macho ya watu hayana dawa. Sasa mwanamke akikishika kitabu kile hadharani katikati ya soko la Mwanga, mbele ya mafundi cherehani na vijana wa mitumba, ni sawa na kupanda juu ya meza akajitangaza. Kijitabu kilining'inia kwenye kamba yangu. Wanawake wakakikata jicho, wakapita.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa Zaituni, muuza khanga na vitenge, mwanamke mwenye sauti ya kuita boti iliyokwisha kuondoka. Asubuhi moja akaja kwake binti mmoja wa Mwamgongo, kimoja cha vijiji vile vya kaskazini, anaitwa Riziki. Mama mkwe wake alikuwa amemtuma khanga. Wakati Zaituni anatafuta, binti akasogea kwenye kamba yangu. Akakigusa kile kijitabu kwa ncha ya kidole. Akakifungua kidogo. Nikamwona midomo inacheza, anasoma.

Mimi sikumtazama usoni, nilitazama chini, ndiyo tabia yangu. Kandambili zake zilikuwa zimezama kwenye nyama ya miguu. Nikapandisha macho kwenye vidole, navyo vimejaa kama ndizi. Alikuwa amejitanda khanga mbili ili tumbo lisionekane. Na kila baada ya muda kidogo alikuwa anajibonyeza paji la uso, kama mtu anayerudisha kitu ndani.

"We Riziki," Zaituni akapaza sauti, "unasoma nini huko? Kumbe una habari nzuri hutuambii."

Fundi cherehani mmoja akacheka. Riziki akakiachia kitabu kama kaa la moto. "Nilikuwa naangalia tu, shangazi." Khanga aliyotumwa haikuwepo, akaambiwa arudi siku ya soko inayofuata. Nikamwita, "Mwanangu, chukua nenda nacho, usinilipe." Akatikisa kichwa, macho yako kwa yule fundi. Akashuka Kibirizi kupanda boti, mikono mitupu.

Nilimgeukia Zaituni nikamsema mpaka akaishiwa na sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Lakini kumsema Zaituni hakukumrudisha binti. Usingizi ulinipaa kwa ajili ya vile vidole.

Na dawa niliipata kwa Zaituni huyohuyo. Siku iliyofuata nilikaa nikiwatazama wateja wake. Mwanamke anakuja, anafunua khanga. Haangalii rangi kwanza. Anatafuta maandishi. Anasoma jina la khanga, anaguna, anacheka, anamwita mwenzake aje asome. Kama jina limemgusa, bei ni maneno ya baadaye. Jamani, niliruka kwenye kigoda. Miaka yote nimekaa pembeni ya jibu kama mtu mwenye kiu anayeosha miguu ziwani. Wanawake wetu wanasoma majalada kila siku ya Mungu, ila wao wanayafunga kiunoni.

Nikamwambia Mama Devota kwamba kitabu chake nitakivisha khanga. Hakufurahi.

"Kitabu cha afya hakivai khanga," akasema. "Watu watadhani ni mipasho."

"Waache wadhani. Wakishika, watafungua."

"Na jina gani utaweka? Mapenzi? Wivu?"

Nikamwonyesha doti niliyokuwa nayo sandukuni, mpya, sijaivaa kwa sababu jina lake lilinishinda kulivaa mbele ya wakwe. MFICHA UCHI HAZAI. Methali ya wazee: ukimficha mkunga penye kuuma, hatakusaidia. Mama Devota aliisoma, akasema, "Haya. Tengeneza kimoja nione."

Doti ina vipande viwili, na kila kipande kina jina lake moja tu, kwa hiyo nilikuwa na nafasi mbili. Nilikata kipande cha kwanza kwa uangalifu, jina zima bila kulikata herufi. Nikalizungusha kwenye kijitabu kutoka nyuma, likapita mgongoni, likaishia mbele. Gundi, pasi, gunia la mahindi. Asubuhi nikakitoa kimenyooka, rangi ya njano na nyekundu inawaka. Nilikipenda mpaka nikakibusu. Nikakitundika kwenye kamba, nikamwita Mama Devota.

Akafika. Akatazama. Akatazama tena.

"Mama wee," akasema taratibu, "kitabu cha uzazi umekiandika HAZAI?"

Ndiyo. Mnalicheka, lakini chukueni kitabu chochote, kilazeni kifudifudi mmekifungua, mtazame. Upande wa kushoto ni nyuma, wa kulia ni mbele. Maneno yanaanza kushoto. MFICHA UCHI ilikuwa imekwenda nyuma ya kitabu, na mbele, peke yake, kwa herufi kubwa kama za msikitini, imebaki HAZAI. Nilikuwa nimetundika sokoni laana ya mawifi. Zaituni alicheka akakaa chini juu ya majora yake. Na Mama Devota, ambaye tangu nimjue alikuwa anacheka kwa pua tu, alishika nguzo, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Nadhani hapo ndipo moyo wake ulipolegea. "Tengeneza cha pili," akasema akijifuta machozi. "Lakini safari hii mwanamke azae."

Cha pili nilikata maneno matatu, kila moja peke yake, nikayapanga mbele moja juu ya lingine kama matofali. MFICHA. UCHI. HAZAI. Kikasomeka. Kikatundikwa. Kile cha kwanza nikakificha chini ya meza, nimekigeuza uso.

Siku ya soko Riziki akarudi kuchukua khanga ya mama mkwe. Uso sasa nao umejaa, macho yamekuwa madogo. Nilitamani kumshika mkono, lakini ukimkamata ndege kwa pupa unabaki na manyoya. Nikajifanya nahesabu vibanio. Akapita kwenye kamba. Akasoma. Akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, akacheka peke yake. Akakifungua, akaona ni kile kile. Akanitazama, nami nikatazama pembeni.

"Khanga nzuri hiyo," Zaituni akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Ndogo, lakini nzuri. Chukua."

Akakilipia, akakikunja ndani ya ile khanga ya mama mkwe. Yule fundi hata hakuinua kichwa kwenye cherehani. Kwa macho ya soko zima, binti alikuwa amenunua nguo.

Kisha kukawa kimya. Boti zinakuja Kibirizi, zinaondoka. Namuuliza kila mtu wa Mwamgongo, na kila mtu ananiambia hajui. Mama Devota anapita jioni, anauliza, "Yule?" Nami najibu, "Bado." Huo ndio ubaya wa kazi yetu, wajukuu zangu. Ukiuza nyanya unajua zimeliwa. Ukiuza kitabu hujui kama kimefunguliwa.

Halafu asubuhi moja akasimama mbele ya kamba yangu mwanamke mtu mzima, mrefu, amejifunga kibwebwe, uso mkavu kama wangu.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, dada."

"Nataka ile khanga inayofunguka."

Nilikielewa alichosema kabla sijajua ni nani. Nikamuuliza, "Umeijulia wapi?"

"Kwangu. Mkwe wangu Riziki aliniletea khanga, nikaikunjua, ikadondoka nyingine ndogo. Nasoma, MFICHA UCHI HAZAI. Nikasema, haa, huyu mtoto ananisema mimi. Kwamba nimemficha nini? Kwamba mwanangu ana nini? Nikakasirika, nikakaa nayo nje kwenye mwanga. Nikaona ina kurasa. Nikasema, kumbe matusi yenyewe yanaendelea ndani, ngoja niyasome yote, nikimjibu nimjibu kwa ukamilifu."

Zaituni alikuwa ameacha kupima kitambaa.

"Nikatafuta matusi," mama yule akaendelea, "nikakuta habari ya kuvimba uso na mikono. Kichwa kinachouma bila kupoa. Macho kuona vimulimuli. Nikamwita, Riziki, njoo. Kichwa kinakuuma? Akasema hapana, mama. Nikamwonyesha jalada. Nikamwambia, soma kwa sauti. Akasoma. Akaanza kulia. Kumbe kichwa kinamuuma wiki nzima, anaona nyota mchana, anaogopa kusema tusije tukamwona mvivu."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Boti ya dagaa ilikuwa inawasha injini. Nimeisimamisha nimeingia majini mpaka hapa." Akajigusa kiunoni. "Hospitali wamemlaza hapohapo. Wakamzalisha kabla ya siku zake. Wote wawili wapo. Mtoto ni mdogo, amelazwa kifuani kwa mama yake kama kitabu kwapani, lakini ananyonya kwa fujo."

Mimi si mtu wa machozi, muulizeni yeyote. Nilianza kupanga vibanio ambavyo vilikuwa vimepangwa. Zaituni alilia kwa niaba yetu wote, kwa sauti yake ile ya kawaida, mafundi wakadhani kumetokea msiba.

Alipotulia, mama akarudia, "Sasa khanga yangu. Nina binti yangu wa kumzaa, naye yuko katika hali hiyo. Naondoka na boti ya mchana."

Na hapo nikaona haya. Sikuwa na khanga nyingine yenye jina lile. Kwenye kamba vilibaki vijitabu vyenye tumbo wazi na HATARI. Nikamwonyesha, akavitazama akakunja uso: "Hicho hatakishika. Ataona aibu." Mnaona? Hata yeye aliyeona kazi ya kitabu chenyewe kwa macho yake, alijua jalada lina neno la kwanza.

Nikainama chini ya meza, nikatoa kile cha kwanza. Nikakishika kifuani, upande mbaya umenigeukia mimi.

"Ninacho kimoja, lakini nilikosea kukata. Nyuma ni sawa. Mbele kimesema jambo baya. Huwezi kumpelekea mtu mwenye mimba."

"Geuza."

Nikageuza. HAZAI, njano na nyekundu, herufi kubwa.

Mama yule alisoma. Akafungua ndani, akapekua mpaka akaukuta ule ukurasa wa kuvimba uso, akaugonga kwa kidole kama mtu aliyeonana na jamaa yake. Akakifunga, akakipachika kiunoni ndani ya kibwebwe, neno lile baya likimlalia tumboni.

"Binti yangu atazaa," akasema. "Jalada ndilo halizai."

Akashuka kuelekea Kibirizi, nami nikamwomba Zaituni mkasi, na doti nyingine ya kuvisha vijitabu vilivyobaki.